Jeshi mseto katika Battle for Wesnoth: mwongozo kamili, kuanzia kuajiri hadi kuvamia ngome

Battle for Wesnoth ni mchezo wa mkakati wa zamu kwa zamu ulioanzishwa na David White mwaka 2003, na tangu hapo unaendelezwa na watu wa kujitolea. Ni wa bure, na hauhitaji kompyuta yenye nguvu nyingi. Nimeucheza kwa miaka, na kosa ninaloliona kwa karibu kila anayeanza ni moja. Anampenda askari wa aina fulani, anamnunua mara sita, anawasukuma wote mbele, na kufikia usiku wa kwanza hana jeshi. Mwingine amesikia kwamba mchanganyiko ndio siri, ananunua mmoja mmoja wa kila aina, lakini kila mmoja anapigana vita vyake. Naye anapoteza vilevile.

Jeshi mseto ni suala la mpangilio. Nani apige kwanza, nani amalizie, na zamu ikiisha nani amesimama mbele ya nani. Nitaeleza hayo kwa pambano moja tu ninalolijua vizuri, Loyalists dhidi ya Undead, yaani binadamu watiifu kwa mfalme dhidi ya wafu. Nimelichagua kwa sababu wafu hawamsamehe mwenye askari wa aina moja. Tarakimu nitakazotumia hubadilika kidogo toleo hadi toleo, kwa hiyo zihakikishe kwenye ubavu wa kulia wa skrini yako kabla hujaajiri.

Kabla ya yote: mambo matatu yanayoamua kila pigo

La kwanza ni ardhi. Uwanja umegawanywa vigae vya pembesita, na uwezekano wa pigo kupata hutegemea kigae alichokanyaga anayepigwa. Alichokanyaga mpigaji hakihusiki. Askari wako wa kawaida wa miguu akiwa kwenye nyasi hupatwa na pigo 6 kati ya 10. Msituni au kilimani 5. Kijijini au ndani ya ngome 4 tu. Majini au kwenye kinamasi 8. Kwa hiyo unapochagua mahali pa kushambulia kutoka, kwa kweli unachagua mahali utakapopigiwa zamu ya adui ikifika. Uchawi ndio unaovunja kanuni hii: hupata mara 7 kati ya 10 popote mtu alipojificha.

La pili ni saa. Siku ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kisha usiku wa kwanza na usiku wa pili. Binadamu wako huongezewa asilimia 25 ya nguvu asubuhi na alasiri, na hupunguziwa kiasi hichohicho usiku. Wafu ni kinyume chake. Alfajiri na magharibi hakuna anayependelewa.

La tatu ni aina ya pigo: makali ya upanga, mchomo wa mkuki au mshale, kishindo cha rungu, moto, baridi, na nguvu ya kichawi ambayo skrini huiita arcane. Kila askari ana ngozi ngumu kwa aina fulani na laini kwa nyingine. Hapo ndipo mseto unapopata maana yake.

Hatua ya 1: Jua nani ni mbabe wa nani

Askari wa mkuki, Spearman, ndiye uti wa mgongo wa jeshi lako. Bei yake dhahabu 14, uhai 36, hupiga mara 3 kwa nguvu ya 7. Mweke mbele ya kiunzi cha mifupa, Skeleton, na utasikitika. Mkuki unapita katikati ya mbavu: kiunzi hupuuza asilimia 60 ya mchomo. Hata mchana kweupe, lile pigo lako la 7 linafika likiwa 4. Usiku ni 2.

Anayemweza kiunzi ni mvaa deraya, Heavy Infantryman, wa dhahabu 19. Rungu lake hupiga mara 2 kwa 11, na mifupa inavunjika kwa kishindo, hivyo mchana kila pigo ni 16. Shoka la kiunzi likigonga deraya yake mchana linamtoa 3 tu. Ukimtazama hivyo utadhani umepata dawa ya wafu wote na utataka wanne. Usifanye hivyo. Nyuma ya viunzi husimama wanafunzi wa giza, Dark Adept, wanaorusha baridi ya kichawi, na deraya haisaidii kitu dhidi ya baridi, inaongeza maumivu. Wanafunzi wawili wakimkuta mvaa deraya mzima usiku, uwezekano wa kumuua ni karibu theluthi mbili. Nimepoteza wavaa deraya wengi kwa njia hiyo kabla sijakaa chini kupiga hesabu.

Mwanafunzi wa giza naye ana mbabe wake. Hana silaha ya mkononi hata moja. Ukimfikia na kumpiga kwa upanga, hawezi kujibu. Anayemfikia ni mpanda farasi, Cavalryman, mwenye hatua 8 kwa zamu, uhai 34, na ngozi inayopunguza baridi kwa asilimia 20. Lakini mpanda farasi huumizwa zaidi na mchomo, kwa hiyo viunzi vyenye pinde vikimkamata nje peke yake anakwisha.

Ndiyo duara lenyewe: kiunzi humshinda mkuki, deraya humshinda kiunzi, mwanafunzi wa giza humshinda deraya, farasi humshinda mwanafunzi, na mishale ya wafu humshinda farasi. Mchawi wako, Mage, wa dhahabu 20 na uhai 24 tu, anasimama nje ya duara: moto wake humuumiza kila mfu wa mifupa, hupata mara 7 kati ya 10, na kiunzi cha shoka hakina cha kumjibu akiwa anarusha. Huyo ndiye mali yako. Kila kitu kingine kipo ili yeye apige na kesho yake awepo.

Hatua ya 2: Ajiri wa kwanza sita

Michezo mingi ya wachezaji wengi huanza na dhahabu 100. Mimi hununua hivi: askari wa mkuki wawili kwa 28, mvaa deraya mmoja 19, mchawi mmoja 20, mpanda farasi mmoja 17, na mpiga upinde mmoja, Bowman, kwa 14. Jumla 98.

Mpanda farasi mwajiri kwenye kigae cha ngome kinachotazama vijiji vya mbali, maana ndiye atakayeviteka. Mvaa deraya ana hatua 4 tu, hivyo mweke upande unaotazama adui au atafika vita vimekwisha. Ukibahatika akatoka na sifa ya wepesi, quick, atakuwa na hatua 5, na hiyo hubadilisha kabisa matumizi yake. Soma sifa za kila anayetoka. Kila askari binadamu hupewa mbili kwa bahati nasibu, na mchawi mwenye akili, intelligent, hupanda ngazi mapema. Huyo mlinde kuliko wenzake.

Zamu zinazofuata, ajiri kwa kutazama kilichoonekana upande wa pili. Viunzi vingi, ongeza mchawi na deraya wa pili. Popo wakianza kukuibia vijiji vya nyuma, mwache mpiga upinde mmoja arudi. Kumbuka pia gharama: kila askari hula dhahabu sawa na ngazi yake kila zamu, na kila kijiji hulisha ngazi moja. Ukiwa na askari kumi wa ngazi ya 1 na vijiji sita, wanne wanakula mfukoni mwako.

Hatua ya 3: Songa pamoja

Hapa nitakuwa mfupi. Mwendo wa jeshi ni mwendo wa mzito wake. Msitu na kilima humla askari wa kawaida wa miguu hatua 2 kila kigae, maji hatua 3. Panga njia ya mvaa deraya kwanza, kisha wengine wamzunguke. Mpanda farasi tu ndiye aende mbali, na kila jioni awe amerudi karibu na wenzake. Lenga kukutana na adui alfajiri au asubuhi. Ukiona mtakutana magharibi, simama vijijini umngoje.

Hatua ya 4: Simamisha ukuta

Kila askari wa ngazi ya 1 au zaidi ana himaya ya vigae sita vinavyomzunguka. Adui akikanyaga kimojawapo, hatua zake zinaishia hapo. Maana yake ni kwamba huhitaji kujaza kila kigae. Askari wawili wenye nafasi ya vigae viwili kati yao tayari wamefunga mlango. Adui ataingia nafasini lakini hatavuka zamu hiyo.

Hata hivyo kuna gharama ya kuacha nafasi: adui anayeingia katikati anawagusa askari wako wengi, na wenzake wanapata pande zaidi za kukupigia. Ukuta ulionyooka, bega kwa bega, humwacha kila askari wa katikati akiguswa na vigae viwili tu vya mbele. Wa mwisho wa ukuta huguswa na vitatu au zaidi. Kwa hiyo pembeni weka mwenye uhai mwingi au mwenye ardhi nzuri: kijiji, kilima, au ukingo wa mto ambako adui atalazimika kusimama majini. Sehemu ya kati ikibaki nyasi tupu, si tatizo kubwa.

Mchawi husimama safu ya pili. Kabla hujafunga zamu, bonyeza Ctrl+V, uoneshwe vigae vyote adui anavyoweza kufika. Kama kigae kinachopakana na mchawi kimo, ukuta wako una tundu. Ninafanya hivyo kila zamu, hata ninapoamini nimeona kila kitu.

Hatua ya 5: Piga kwa mpangilio

Sasa tumefika kwenye kiini, na hapa nakuomba usome polepole.

Askari akishapiga, hasogei tena zamu hiyo. Kigae alichopigia ndicho atakachopigiwa. Kwa hiyo shambulio la jeshi mseto hupangwa kutoka mwisho kurudi mwanzo: jiulize kwanza unataka nani awe amesimama wapi zamu yako ikiisha, ndipo uamue nani aanze.

Chukua mfano. Ni asubuhi. Mbele yako viunzi viwili vyenye shoka viko kwenye nyasi, na nyuma yao mwanafunzi wa giza mmoja. Unao deraya, mchawi, mikuki miwili, farasi na mpiga upinde. Kiunzi kina uhai 34.

Aanze mvaa deraya. Sababu ni kwamba kiunzi kikiwa kizima hujibu kwa nguvu zote, na deraya ndiye anayeweza kuyabeba majibu hayo. Kwenye nyasi kila pigo lake lina asilimia 60 ya kupata. Mara 36 kati ya 100 yatapata yote mawili, na kiunzi kitabaki na uhai 2. Mara 48 litapata moja, kibaki na 18. Mara 16 halitapata hata moja.

Kila tokeo lina mtu wake wa kufuata, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa walishaamua orodha kabla ya pigo la kwanza. Kikibaki na 2, usimtumie mchawi. Mtume askari wa mkuki. Mchomo wake ni dhaifu kwa kiunzi, lakini 4 inatosha kumaliza 2, na akiwa na mapigo matatu uwezekano wa kupata angalau moja ni asilimia 93.6. Umemaliza kiunzi kwa askari wa bei ndogo, na mchawi bado yuko huru kwa kiunzi cha pili. Kikibaki na 18, sasa ni kazi ya mchawi: moto wake mchana ni 10 kila pigo, anahitaji mawili kati ya matatu, na hilo hutokea mara 78 kati ya 100. Kikibaki na 34 zote, mchawi hata akipata yote matatu anafika 30. Hapo acha. Mgeukie kiunzi kingine au uimarishe ukuta.

Kwenye bao, ukiwa na mtaji ni lazima ule. Hapa hulazimiki, na kuna zamu ambazo kutokula ndiko kunakookoa jeshi.

Tuseme kiunzi kimekufa. Mahali pake pamekuwa tundu, na nyuma ya tundu anaonekana mwanafunzi wa giza. Farasi anaweza kuingia pale na kumpiga bila kujibiwa. Mkono utakuwasha. Hesabu kwanza: mwanafunzi ana uhai 28, farasi wako mchana hupiga 7 mara tatu, yaani 21 hata kila pigo likipata. Peke yake hawezi kumuua. Kwa hiyo farasi aingie ikiwa tu kuna askari wa pili anayeweza kumfikia mwanafunzi huyohuyo kutoka kigae kingine. Kama hayupo, lile tundu lijaze kwa askari wa mkuki aliyebaki, amkinge mchawi aliyepiga, na farasi abaki nyuma akisubiri.

Mambo mawili ya nyongeza. Ukiwa na kiongozi aina ya Lieutenant, kila askari wa ngazi ya 1 anayepakana naye hupata asilimia 25 zaidi. Mchana, mvaa deraya aliye karibu naye humpiga kiunzi 20 kila pigo. Mawili yakipata kiunzi kimekufa bila msaada wa mtu. Msimamishe kiongozi nyuma ya ukuta mahali anapogusa askari wawili, ila akifa umeshindwa, hivyo asiwe pembeni kamwe. La pili: kabla ya kila shambulio fungua hesabu ya madhara kwenye dirisha la kuchagua silaha. Mchezo wenyewe utakuonesha uwezekano wa kila tokeo, na kuutazama hakukugharimu kitu.

Pigo la kumalizia mpe anayehitaji uzoefu. Kuua adui wa ngazi ya 1 huleta pointi 8, ilhali kupigana naye tu huleta 1. Mchawi akipanda ngazi unaweza kumfanya White Mage, mganga anayewaponya wanaopakana naye uhai 8 kila zamu na kuwatoa sumu. Jeshi lenye mganga mmoja safu ya pili ni jeshi jingine kabisa. Isitoshe, anayepanda ngazi hurudishiwa uhai wote palepale, kwa hiyo mchawi aliyejeruhiwa na aliyebakiza pointi chache unaweza kumtanguliza makusudi amalizie adui.

Hatua ya 6: Rudi nyuma kabla giza halijaingia

Ukisubiri usiku uingie ndipo urudi, umechelewa. Mvaa deraya aanze kurudi alasiri, kwa kuwa ndiye mwenye hatua chache na ndiye anayewindwa na wanafunzi wa giza. Magharibi warudi mchawi na wote wenye uhai chini ya nusu. Wajeruhiwa wakae vijijini, ambako kila zamu huponya 8. Aliyetiwa sumu na mazimwi, Ghoul, kijiji humtoa sumu kwanza, na uponyaji huanza zamu inayofuata, basi mpeleke mapema.

Usiku safu ya mbele iwe mikuki yenye uhai kamili, kwenye vijiji, vilima au vigae vya ngome. Wataumia. Mkuki wa 7 unakuwa 5, na shoka la kiunzi linakuwa 9. Kazi yao usiku ni kubaki hai zamu mbili, basi. Anayeumia sana mbadilishe na mwenzake wa nyuma. Ndiyo maana safu ya pili isijazwe ikabana.

Na tazama uzuri wake: mwanafunzi wa giza ili akupige lazima asimame kwenye kigae kinachopakana nawe. Usiku wa pili ukiisha, utawakuta wamejipanga mbele ya ukuta wako, bila silaha za mkononi, jua likichomoza. Farasi uliyemficha nyuma siku nzima ana kazi sasa.

Hatua ya 7: Ngome ya adui

Kiongozi wa wafu aliyeko ndani ya ngome yake hupatwa na mapigo 4 tu kati ya 10. Mikuki itapiga hewani zamu mbili nzima. Wachawi hawajali ukuta wa ngome, hupata 7 kati ya 10 kama kawaida, na hii ndiyo sababu nasisitiza ufike na wachawi wawili wakiwa hai. Wapeleke wavaa deraya na mikuki kwanza wachukue vigae vya ngome vinavyomzunguka: kila kigae ulichokalia ni kigae ambacho hawezi kuajiria mtu mpya, na askari wako aliyesimama hapo naye anapata kinga ya ngome. Acha vigae viwili wazi kwa ajili ya wachawi, waingie mwisho, mmoja baada ya mwingine.

Hesabu umbali kurudi nyuma kutoka asubuhi. Kama kutoka kwenye ukuta wako hadi ngomeni ni vigae nane vya nyasi, mvaa deraya anahitaji zamu mbili. Aondoke usiku wa pili, alfajiri awe kwenye kigae cha kwanza cha ngome, na asubuhi rungu liwe la kwanza kupiga.